UZI: Nani aliiwekea simu yako mipaka, na nani aliiondoa?

1/
Kila msimu wa siasa hoja hii hurudi. Mmoja anapanda jukwaani na kusema vijana wameharibiwa na simu, anapigiwa makofi. Wiki inayofuata mwingine anasema simu ndiyo ofisi ya vijana, asiiguse mtu. Makofi tena. Halafu anakuja wa tatu na ushuru. Wenye kufuata nyuzi zangu mnajua sheria ya hapa: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachukua hoja, tunaifungua, tunaangalia imetoka wapi. Leo ni zamu ya simu. Nitaanzia mbali kidogo, kwenye foleni ya Posta, halafu nitafika kwa ujumbe ambao mamangu alitumiwa jioni moja na watu asiowajua. Kaa nami, ni safari ndefu.

2/
Nililelewa Wundanyi, kwenye vilima vya Taita. Baba alifanya kazi Mombasa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi mama alinishika mkono tukaenda kwenye kibanda cha simu kando ya Posta. Ukifika, foleni. Nyuma ya foleni ile kulikuwa na shirika moja tu nchi nzima, KPTC, lililoanzishwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Shirika hilohilo lilipeleka barua, lilivuta waya na lilijisimamia lenyewe. Ukitaka laini ya nyumbani unaandika ombi, kisha unasubiri hadi unasahau uliomba. Kufikia 1999, nchi ya watu karibu milioni 29 ilikuwa na laini za waya takriban 300,000, nyingi zikiwa mijini.

3/
Mama alikuwa na karatasi. Kabla ya kutoka nyumbani aliandika: karo, bati la jikoni, mbuzi ameuzwa, nyanya anasalimu. Sarafu alizipanga kiganjani. Akianza kuongea alisoma ile karatasi kama mtangazaji wa redio, jicho moja likiwa kwa sarafu. Dakika tatu, labda nne. Halafu tunapanda mlima, na maneno ya baba tunayarudia wiki nzima: "Baba alisema hivi, baba alicheka."

Sitaki kuipamba hiyo enzi. Baba aliwahi kulazwa hospitali siku tano kabla sisi hatujajua. Lakini shika jambo hili moja, maana uzi wote umesimama juu yake: mama hakuwa na nidhamu ya ajabu kutuzidi. Bei, umbali na foleni ndivyo vilivyomwekea mipaka. Hakuichagua, na hangeweza kuiondoa.

4/
Mipaka hiyo iliondolewaje? Kwa sheria. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Mawasiliano ya Kenya. 1999 KPTC ikagawanywa mara tatu: Telkom Kenya ibaki na simu, Posta ibaki na barua, na tume mpya, CCK, isimamie sekta. Tume hiyo ndiyo leo tunaiita Mamlaka ya Mawasiliano. Simu za mkononi zilikuwapo tangu 1993, ila zilikuwa za wakubwa wachache. Mwaka 2000 Safaricom na Kencell zikaanza kushindana, na kadi ya kukwaruza ikafika dukani ikakaa kando ya majani ya chai.

Jukwaani utasikia simu zilienea kwa sababu ya maono ya mtu fulani. Rekodi inaonyesha mambo matatu: ukiritimba ulivunjwa, washindani wakaingia, na mteja akaruhusiwa kulipa kidogo kidogo kabla ya kutumia.

5/
Hata hivyo bei bado ilikuwa mwalimu mkali. Mnakumbuka kuflashi? Kwetu ikilia mara moja ilimaanisha nimefika salama. Mara mbili, nipigie. Mara tatu, kuna neno, tafuta kredo kwa njia yoyote. Taifa zima liliunda lugha ya milio ili kuikwepa bei. Baadaye kampuni zenyewe zikaweka ujumbe wa bure wa kuomba upigiwe.

Simu yetu ya kwanza ilikuwa kabambe, ile ya tochi, mulika mwizi. Kule nyumbani mtandao ulishika juu ya jiwe moja tu karibu na kanisa. Ukitaka kuongea unapanda pale. Ukishuka, umeshuka. Simu ilikuwa na mahali pake, nasi tulikuwa na mahali petu.

6/
Machi 2007 ikaja M-Pesa. Hapa watu wengi wanaotoa mawaidha kuhusu simu hukosea. Ushauri wao ni wa nchi za wenzetu: zima simu wikendi, iache nyumbani, nenda msituni. Sawa. Na nauli ya matatu utalipa na nini? Karo? Dawa ya mama usiku?

Tangu 2007 simu ya Mkenya ni mfuko wa pesa, kisha benki, kisha kitambulisho cha kuingilia huduma za serikali. Mzungumzaji anayesema "vijana watupe hizo simu" anakuambia utupe pochi yako. Na anayesema "simu ni kazi tu" anasahau kwamba kwenye pochi hiyohiyo kuna mtu amefungua duka, kamari, sinema na baraza la umbea, na hakuna hata kimoja kinachofungwa usiku.

7/
Mwaka ule haujaisha. Tarehe 30 Desemba 2007, mara tu baada ya matokeo ya urais kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Nia iliyotajwa ilikuwa kutuliza nchi. Watu hawakuacha kutaka habari. Waligeukia SMS. Ujumbe wa chuki ukazunguka, jina la kabila, jina la mtaa, tarehe. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika vurugu zile na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao.

Wakati huo lilijadiliwa wazo la kuzima SMS kabisa. Haikufanyika, wateja walitumiwa ujumbe wa kuhimiza amani. Na Januari 2008 kundi la Wakenya, wengi wao wanablogu na wataalamu wa kompyuta, likaanzisha Ushahidi, tovuti ambako mtu aliripoti vurugu kwa SMS au intaneti na ripoti ikawekwa kwenye ramani. Simu ileile ilichochea na ilitoa ushahidi.

8/
Mimi wakati huo nilikuwa chuoni Nairobi. Ujumbe mmoja ulinifikia ukisema mtaa niliokuwa nikiishi utavamiwa usiku. Nikautuma kwa watu kumi na wawili. Nia yangu ilikuwa kuwaonya. Usiku ule hakuna aliyekuja, lakini majirani wawili walihama gizani na watoto wao, na njiani mmoja wao aliporwa kila kitu. Mmoja wa wale kumi na wawili ndiye aliyewaambia. Sijawahi kuandika hili mahali popote.

Baada ya vurugu ikaja Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyofanya matamshi ya chuki kuwa kosa. Na 2010 serikali ikaagiza laini zote zisajiliwe kwa jina la mwenyewe. Sheria hizo zinamhusu aliyeandika au aliyesambaza, na laini yake. Hakuna sheria inayoweza kukukatiza sekunde tano kabla ya kubonyeza "tuma". Hizo sekunde tano zilikuwa zangu.

9/
Sasa tufike 2009, mwaka ambao wanahistoria wa simu zetu watauzungushia kalamu nyekundu. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti, polepole na kwa bei ya kuuma. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari zikatua Mombasa: TEAMS na SEACOM. Ya tatu, EASSy, ikafuata 2010. Bajeti ya 2009 pia iliondoa kodi ya VAT kwa simu za mkononi, na ilirudishwa na sheria ya 2013. Agosti 2010 kampuni moja ikashusha bei ya kupiga hadi shilingi 3 kwa dakika, nyingine zikalazimika kufuata. Vita vya bei.

Karatasi ya mama ikapoteza kazi pale. Kwa shilingi 3 huhitaji kupanga maneno.

10/
Lakini tazama kilichokuwa kikifanyika upande wa pili wa waya. Februari 2009, huko Marekani, Facebook iliweka kitufe cha "Like". Mwezi huohuo WhatsApp ilisajiliwa kama kampuni. Na tangu 2006 kulikuwa na ufundi mpya wa ukurasa usio na mwisho: ukishuka chini, unajaza mengine, ukishuka tena, mengine. Mbunifu wake, Aza Raskin, baadaye alijitokeza hadharani kusema anajutia.

Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Taarifa ya saa moja usiku ina kwaheri. Hata foleni ya Posta ilikuwa na mtu nyuma yako anayekohoa. Ukurasa ule hauna yeyote wa kukohoa. Basi sisi tulipokea waya mnene na kidole kisicho na breki karibu mwaka mmoja. Bei ikaanguka, umbali ukafa, na mwisho wa ukurasa ukaondolewa. Mipaka yote mitatu iliyomlinda mama bila yeye kuomba.

11/
Kitu kikiwa bei rahisi kwako na bado kinatengeneza mabilioni, kuna kingine kinachouzwa. Kinachouzwa ni muda wa macho yako, kwa wenye matangazo. Kadiri unavyokaa ndivyo wanavyolipwa. Ndiyo maana kuna arifa ya mtu usiyemjua kupenda picha ya mtu mwingine usiyemjua. Ndiyo maana video inayofuata inaanza kabla hujaamua.

Naambiwa hii ni lawama kwa teknolojia. La. Ni biashara, na biashara inaeleweka. Mwenye matatu anayelipwa kwa idadi ya safari ataendesha kasi. Hatukumwambia abiria pekee ajifunze nidhamu. Tuliweka vidhibiti mwendo na mikanda mwaka 2004, kwa sheria, tukamwambia abiria pia afunge mkanda wake. Shika mfano huu, nitaurudia.

12/
Novemba 2012 ikaja M-Shwari, mkopo na akiba ndani ya simu. Miaka michache baadaye programu za mikopo zikajaa. Kwa mara ya kwanza mama mboga alipata shilingi 1,000 alfajiri bila mdhamini wala kiti cha meneja. Hilo si dogo, na mwanasiasa anayelibeza hajawahi kukosa mtaji wa nyanya.

Programu nyingi zililipia hatari hiyo kwa njia mbili: riba kali ya siku chache, na kusoma simu yako. Ukipakua, inauliza: niruhusu kuona majina na namba zako? Ulibonyeza "ruhusu". Nami nilibonyeza. Hakuna aliyeniambia kwamba pale nilikuwa namtaja mdhamini, na kwamba mdhamini ni kila mtu ninayemjua.

13/
2020, wakati wa korona, kazi yangu ilipungua nusu. Nilikopa 3,000. Nikakopa kwingine kulipa hiyo. Nikafika programu tano. Usiku nilikuwa nimelala na simu kifuani: natazama kichekesho, inaingia arifa ya deni, narudi kwenye kichekesho ili nisahau arifa. Huo ndio ulikuwa uhusiano wangu na simu. Mke wangu alikuwa akiongea nami na najibu "mm".

Jioni moja mojawapo ya programu ikatuma ujumbe kwa watu wangu. Mkubwa wangu kazini. Mweka hazina wa chama chetu cha akiba. Mama mkwe. Na mama, kule Wundanyi, kwenye kabambe yake. Akanipigia. "Mwanangu, kuna watu wanasema nikuambie ulipe. Namba yangu wameipata wapi?"

Sikuwa na jibu. Maana niliwapa mimi.

14/
Asubuhi yake M-Pesa ikalia: shilingi 4,500 kutoka kwa mama. Hakuniuliza deni ni la kiasi gani. Aliuza mbuzi. Miaka ya kibanda cha simu mbuzi aliuzwa kwa karo, jambo likaandikwa kwenye karatasi na kusomewa baba. Safari hii mbuzi aliuzwa kwa sababu ya kitufe nilichobonyeza bila kusoma.

Nimelieleza kwa sababu moja. Jukwaani mambo haya hugawanywa: ama kosa ni la mtu asiye na nidhamu, ama ni la kampuni. Mimi nilikopa, nilibonyeza, nilificha. Hiyo ni sehemu yangu na siikwepi. Lakini mama hakukopa. Hakubonyeza chochote. Nidhamu yake, hata angekuwa nayo kama ya mtawa, isingemwokoa. Pale ndipo nidhamu ya mtu mmoja inapofika mwisho, na sheria inapaswa kuanza.

15/
Na sheria ilianza, japo ilichelewa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inalinda faragha, ikiwemo habari za familia na mawasiliano. Novemba 2019 ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Data. Kamishna wa kwanza wa data akaapishwa mwishoni mwa 2020. Mwaka 2021 sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa, na kanuni za 2022 zikawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni. Kanuni hizo zinakataza vitisho na matusi kwa mdaiwa, na zinakataza kutumia orodha ya namba kwenye simu yake kuwatumia watu ujumbe anapochelewa kulipa.

Mwaka 2023 ofisi ya kamishna ilitoza kampuni moja ya mikopo faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa mambo ya aina hii. Ukiulizwa "sheria inasaidia nini kwa mambo ya simu?", jibu ni hilo. Kama mama angetumiwa ujumbe ule leo, ana mahali pa kulalamika.

16/
Halafu Juni 2024. Bila kutaja upande wowote: vijana walisoma Muswada wa Fedha kwenye simu zao. Walitafsiri vifungu kwa lugha za nyumbani, wakafanya mikutano ya sauti ya maelfu ya watu, wakachangishana pesa za hospitali kwa M-Pesa. Tarehe 25 watu walikufa. Muswada ule haukutiwa saini.

Usiku huo mdogo wangu wa kike alikuwa mjini na hatukumpata hadi saa tano. Simu ndiyo iliyomleta: ujumbe mfupi, "niko salama kanisani". Nashukuru simu hadi leo. Lakini baada ya kumpata sikulala. Nilitazama video za damu hadi saa kumi alfajiri, na usiku uliofuata tena, na tena, wiki tatu. Hazikunifundisha kitu kipya wala kumsaidia yeyote. Chombo kilekile, saa tano kilikuwa mkombozi, saa saba kilikuwa kinanila.

17/
Sasa turudi kwa wale watatu wa jukwaani, tukiwa na historia mkononi.

Wa kwanza: fungeni. Agosti 2023 ombi lilifikishwa Bunge la Kitaifa likitaka TikTok ipigwe marufuku. Wasiwasi wa wazazi uliokuwa nyuma yake ni wa kweli, usiucheke. Lakini kumbuka Desemba 2007. Ukifunga mlango mmoja wa habari, watu hupitia mwingine, mara nyingi wenye giza zaidi. Na anayepewa ufunguo wa kufunga vichekesho ndiye anayebaki na ufunguo wa kufunga mjadala wa bajeti. Mwenye kuomba marufuku aulizwe: ufunguo utakaa kwa nani, na utarudishwa lini?

18/
Wa pili: tozeni ushuru, watapunguza. Ushuru wa huduma za simu na data ulipanda hadi asilimia 15 mwaka 2018, ukafika 20 mwaka 2021, ukashushwa hadi 15 mwaka 2023. Serikali ikihitaji mapato, iseme inahitaji mapato, tutajadiliana. Lakini usiuite dawa ya uraibu. Ushuru unarudisha mpaka wa bei, na mpaka huo unambana mwanafunzi wa Garissa anayetafuta maelezo ya somo kwa bando la shilingi 20. Mwenye waya wa intaneti nyumbani haumgusi, ataskroli hadi asubuhi. Mama alilindwa na bei, ndiyo. Bei hiyohiyo ndiyo iliyomficha habari ya mumewe kulazwa. Hatuitaki irudi.

19/
Wa tatu ni mtamu kusikiliza: ni nidhamu tu, kila mtu ajisimamie. Kuna ukweli ndani yake. Zile sekunde tano za 2008 hakuna bunge linaloweza kunishikia. Lakini rudi kwenye mfano wa matatu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na laini za simu nchini sasa zimepita milioni 70. Upande mmoja kuna mtu mmoja aliyechoka saa nne usiku. Upande wa pili kuna maelfu ya wahandisi wanaolipwa ili asilale. Kumwambia "jisimamie" halafu uondoke ni kumwambia abiria afunge mkanda kwenye gari lisilo na breki.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mipaka ya zamani tuliwekewa na umaskini wa waya. Imeondoka, na afadhali iliondoka. Mipya haitajileta. Mingine lazima niiweke mwenyewe nyumbani kwangu, na mingine lazima tuidai kwa sheria. Anayekuuzia nusu moja tu anakuuzia nusu.

20/
Nusu ya nyumbani, nilivyofanya mimi. Si mahubiri, chukua kinachokufaa.

Nilinunua kabambe nyingine. Laini ya M-Pesa inakaa humo. Benki na sinema hazilali tena nyumba moja. Naweza kuweka ile simu kubwa sebuleni usiku bila kuogopa kwamba mama atanikosa, maana kabambe ndiyo inayolia.

Nilikaa saa nzima nikizima arifa, programu moja moja. Nimebakisha simu zinazopigwa, SMS na ujumbe wa watu wa damu yangu. Niliingia kwenye ruhusa nikanyima namba na picha zangu kila programu isiyozihitaji. Programu za mikopo nilifuta zote siku nilipomaliza deni la mwisho, Machi 2021.

Na nimerudisha karatasi. Kabla ya kufungua simu asubuhi naandika ninachoiendea: kumtumia fulani risiti, kuangalia mvua, kumpigia mama. Nikimaliza orodha, naiweka chini. Siku nyingine nashindwa. Siku nyingi naweza.

21/
Nusu ya sheria, nanyi mtanisaidia. Mtu akiomba kura na akataja simu, vijana au mitandao, muulizeni haya, bila matusi:

Ofisi ya kamishna wa data utaipa bajeti gani, na itafika kaunti ngapi?
Mkopeshaji anayetishia watu kwa ujumbe, mlalamikaji anapata jibu ndani ya siku ngapi?
Utakubali kanuni inayozitaka programu za watoto zisianzishe video inayofuata zenyewe?
Kamari inayokaa kando ya M-Pesa kwenye kioo kimoja, utaitenganisha vipi?
Siku ya maandamano au ya matokeo, utaapa hadharani kwamba intaneti haitaguswa?

Akijibu kwa hotuba kuhusu "kizazi kilichopotea", au kwa wimbo wa "kizazi cha dijitali", ujue hajajibu. Uliza tena.

22/
Mama bado ana kabambe yake. Nilipomwambia nimeanza tena kuandika karatasi kabla ya kumpigia, alicheka sana. Akasema yeye hakuwahi kuacha. Kila Jumapili anaandika mambo yake nyuma ya kalenda, ananisubiri. Jumapili iliyopita orodha ilikuwa hivi: mvua imenyesha, jirani amejifungua, paa la jikoni linavuja tena, mbuzi wamekuwa watatu.

Tuliongea dakika arubaini. Kredo ilikuwepo, na sikuwa nikitazama kitu kingine.

Mwisho wa uzi. Ukiona kosa la tarehe au la sheria, nirekebishe hapa chini, tuko hapa kujifunza. Na kama kuna mtu alitumiwa ujumbe wa deni lako bila ruhusa, kampigie leo. Usimwandikie, mpigie.